Nilipotangaza Kwamba Chama ni Dini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutoa hoja ambayo hakuna aliyeiomba. Tulikuwa barazani, Kilwa Kivinje, Ijumaa baada ya swala. Wazee walikuwa wakipuliza kahawa na kulalamikia bei ya ufuta. Mimi, mdogo kuliko wote pale, nikasafisha koo na kusema kwamba vyama vya siasa ni dini. Sikusema vinafanana na dini. Nilisema ni dini, kamili, na nikaongeza: "Ushahidi ninao."

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani, ili lawama zikae mahali pake. Kazi yangu ni kuandika vibao: majina ya maduka, namba za mashua, "Usikojoe hapa". Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kunakili herufi za mifuko ya saruji na makopo ya maziwa, na kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia "inatosha", mpaka leo sijui kazi inatosha lini. Herufi moja ikilala upande, nafuta mstari mzima. Kuna duka la dawa ambalo kibao chake nilikirudia mpaka mwenye duka akaja kuniomba, kwa upole kabisa, kama ingewezekana sasa afungue mlango.

Elimu nayo niliipata hivyo hivyo. Baada ya kidato cha nne, ambacho matokeo yake sitayataja, nilinunua mnadani kitabu cha mambo ya siasa kilichopoteza kurasa za mwanzo. Kinaanzia sura ya tatu. Humo ndimo nilimokutana na neno "itikadi", na nikatembea nalo mjini kama mtu mwenye saa mpya, anayekunja mkono wa shati kila akipishana na watu. Nadhani kusoma kuanzia sura ya tatu kumeniharibu. Mimi nami huanza hoja katikati, bila kuwaambia watu tumefikaje pale.

Ushahidi wangu niliupata kazini. Katika msimu mmoja niliandika kibao cha msikiti na kibao cha tawi la chama cha babu. Babu ni baba wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, na ndiye mwenyekiti wa tawi hilo tangu kabla sijazaliwa. Rangi za chama chake sitazitaja, mji wenyewe mdogo. Nilipofika tawini na kopo langu nikakuta kandambili zimepangwa mlangoni. Wazee walikuwa wamevua viatu kabla ya kuingia. Ndani, picha ya mwasisi ilitundikwa juu kuliko saa ya ukutani, na hakuna aliyekaa akiipa mgongo. Babu alitamka nusu ya kaulimbiu, wenzake wakamalizia nusu ya pili papo hapo, kama watu wanaoitikia "amin". Mtu aliyehama chama hatajwi kwa jina, anaitwa "yule".

Na nyumbani kwetu kuna kabati. Rafu ya juu ina Msahafu. Rafu ya pili ina kadi ya chama ya babu, imefungwa kwa kitambaa, na pembeni yake chupa ya maji ya kunywa aliyogawiwa kwenye mkutano mkuu kule Dodoma, zamani, ambayo hajaifungua hata leo. Nilipougua homa utotoni niliiomba, maana ndiyo iliyokuwa na maji masafi kuliko yote ndani ya nyumba. Babu akanitazama kwa huruma nyingi, kisha akaenda kuchemsha mengine.

Haya yote niliyasema barazani. Nikasema tawi lina kibla, na kibla ni picha. Nikasema Dodoma ni hija na ile chupa ni zamzam.

"Astaghfirullah," akasema shehe wetu, akaweka kikombe chini.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyecheka mpaka kofia ikamdondoka. Alikuwa fundi cherehani wa barabara kuu, katibu wa tawi la chama kile kingine.

"Rudia hapo pa chupa, kijana," akasema huku akifuta machozi.

Nikarudia pa chupa. Akacheka tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nikajiona nimefaulu mtihani ambao nilikuwa nikiuhangaikia kwa miezi, kwa sababu nilikuwa nikimpenda binti yake.

Huyo binti anafundisha chekechea asubuhi, na jioni humsaidia baba yake kupinda marinda. Nilimfahamu nilipokwenda kuandika kibao cha duka lao, FUNDI CHEREHANI. Herufi R ilikuwa inalala. Nikafuta, nikaandika, ikalala tena. Nikafuta. Mara ya tatu binti akatoka ndani akiwa na sindano mdomoni, akaitoa, akaitazama ile herufi, akasema, "Hiyo R imechoka kusimama. Iache ikae." Nikashuka ngazi nikiwa mtu mwingine. R yenyewe niliiacha, kwa maumivu makubwa, kwa ajili yake.

Sasa inabidi nieleze jambo la babu na fundi, maana bila hilo hamtaelewa nilijichimbia shimo la kina gani. Zamani, chama kilipokuwa kimoja, fundi alikuwa kijana wa babu. Alimbebea kipaza sauti vijijini, akamshonea na kanzu. Vyama vingi vilipokuja, fundi akahama, akawa "yule". Babu akaacha kushona kwake. Tangu hapo kanzu zake hushonwa Kilwa Masoko, na zote, kila moja, mkono wa kulia unazidi hadi unafunika vidole. Fundi naye ana msimamo wake: mteja akimletea kitambaa cha rangi za chama cha babu, anaambiwa uzi umekwisha.

Wanaswali msikiti mmoja, mara nyingi safu moja, na hawasemezani. Babu husema hewani, "Mwambieni fundi asogee." Fundi humjibu jirani yake, "Mwambie mzee nimeshasogea." Na mara nyingi nimemwona fundi, baada ya kutoa salamu kulia na kushoto, jicho lake likikwama kwenye ule mkono wa kanzu, na uso wake ukakunjamana kama wa mtu mwenye jino bovu.

Nilipoona sasa nimemchekesha, nikadhani njia iko wazi. Nikamtuma shangazi apeleke posa.

Shangazi yangu anakaanga pweza karibu na stendi, na sauti yake inaweza kusimamisha basi. Alikwenda kwa fundi amevaa doti mpya, akarudi kabla mafuta ya karai hayajapoa.

"Wameafiki?" nikauliza.

"Kaa chini."

"Mahari?"

"Mahari hajaizungumzia. Ukoo anaujua. Tabia yako anasema ni njema, ila unakaa juu ya ngazi sana. Tatizo lake ni dini."

"Dini? Shangazi, si tunaswali wote!"

"Siyo hiyo. Ile nyingine. Ile uliyoitangaza mwenyewe." Akakaza kilemba. "Kasema hivi, nami nayarudisha kama yalivyo: 'Shemeji, mimi nilikuwa naona chama ni chama. Ni huyo kijana wenu aliyenielimisha kwamba ni dini, na akaleta ushahidi. Sasa sheria unaijua. Mwanamke wetu haolewi na mtu wa dini nyingine mpaka mtu huyo asilimu. Basi asilimu. Aje barazani, mbele ya mashahidi, aikane ile chupa.'"

Nilikaa pale kwenye benchi la pweza nikitazama moshi. Kilichoniuma zaidi, na hili sijawahi kumwambia mke wangu, ni kwamba hoja ya fundi haikuwa na kasoro. Ilijengwa juu ya yangu, sawasawa, kama herufi juu ya mstari.

"Lakini shangazi," nikasema baada ya kufikiri, "mimi sina kadi. Sijawahi kuwa na kadi ya chama chochote. Nasilimu kutoka wapi?"

"Huna kadi?" Shangazi akashangaa. "Basi hilo ndilo jibu. Ngoja."

Akaenda tena. Safari hii alikawia, nikakaanga pweza wake nikaunguza. Aliporudi alikuwa akitembea polepole.

"Kasema hiyo ni mbaya zaidi. Kasema mtu wa dini ya babu yako angeweza kujadiliana naye, wana mahali pa kukutania. Lakini mtu asiye na chochote ni mpagani, na mpagani hajui amkute wapi."

"Na yeye mwenyewe kasemaje? Binti?"

"Binti alikuwa anapinda rinda. Kasema: 'Mwambieni aliyeanzisha dini aifunge mwenyewe.'"

Ningeweza kuvumilia yote hayo kama yangeishia hapo. Lakini shangazi husimulia huku akikaanga, na wateja wa pweza wanatoka pande zote za mji. Jioni hiyo hiyo nilimkuta babu ameketi ukumbini, kabati liko wazi, kadi yake iko magotini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Akaigeuza kadi upande wa pili. "Nimesikia una ushahidi juu ya chupa yangu."

"Babu, ile ilikuwa hoja tu..."

"Hilo la chupa si kitu. Watu huniuliza siku zote mbona siinywi, na mimi mwenyewe sijui. Nilikuwa nimeishika mkononi njia nzima kutoka Dodoma, nilipofika nikaona nimekwisha izoea." Akaikunja kadi kwenye kitambaa chake. "Linaloniuma ni jingine. Nimesikia huna kadi."

Nikainamisha kichwa.

"Nilidhani unayo. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu, mjukuu wangu ni mtu wa vitabu, hapendi kujionyesha, kadi yake anaiweka ndani. Kumbe kuishi nimeishi na mpagani." Alisema hivyo bila kutabasamu, na sikujua kama natakiwa kucheka. "Sasa ukisilimu kwa yule, mimi nitakaa wapi kwenye arusi yako? Na usiposilimu, arusi yenyewe itatoka wapi?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimekwama pande zote mbili. Nikila kiapo cha fundi nitampoteza babu. Nisipokula nitampoteza binti. Na wote wawili walikuwa wamefungwa na sentensi moja niliyoitoa mimi, bila kuulizwa, wakati watu wanaongea juu ya ufuta.

Nikaamua kuifuta, kama ninavyofuta herufi. Kama chama si dini, hakuna wa kusilimu wala wa kuritadi. Wiki nzima nilijiandaa. Nilikuwa nikiandika kibao cha shule, na kila nilipongoja rangi ikauke niliuhutubia ukuta. Niliona nimepata hoja isiyopitisha maji: dini ina akhera, chama hakina.

Ijumaa baraza lilijaa. Shangazi alikuwa ametangaza vizuri kuliko kipaza sauti chochote. Fundi alikaa upande wa kahawa. Babu, ambaye baada ya swala huenda tawini siku zote, safari hii alikuja, akakaa mwisho kabisa wa upande wa pili, na mkono wake wa kulia umefunikwa na kanzu kama kawaida.

"Haya," akasema shehe. "Kijana anataka kutubu."

"Si kutubu, shehe. Kurekebisha hoja."

"Ni kitu kimoja. Sema."

Nikasimama. Nikasema dini humwambia mtu kwamba baada ya maisha haya yako mengine, na humtaka asubiri kwa imani kitu asichokiona. Chama hakina kitu kama hicho, chama ni mambo ya hapa hapa duniani. Nilitulia kidogo ili hoja iingie.

Fundi akamgeukia shehe. "Mwambie kijana kwamba chama cha babu yake kina akhera. Maji ya bomba. Nimeahidiwa tangu sijaoa, na kila nikiuliza naambiwa nisubiri kwa imani."

Baraza likalipuka.

"Mwambieni fundi," akasema babu kwa sauti, akitazama barabara, "kwamba mtaro umekwisha chimbwa."

"Mwambieni mzee mtaro naujua. Mbuzi wangu alivunjika mguu humo."

"Basi mwambieni na yeye. Kila uchaguzi watu wake wanatangaza kwamba saa imefika, haki inasimama, wakosefu watakwenda kukiona. Siku ikipita wanasema saa imesogezwa. Kiyama gani hicho cha kila miaka mitano?"

Watu wakapiga mapaja. Nikaona hoja yangu isiyopitisha maji inazama mbele yangu. Nikakimbilia nyingine. Nikasema, sawa, lakini labda nilikosea hata ule ushahidi wa mwanzo. Kwa mfano viatu. Nikamgeukia babu nikamwuliza, mbele ya watu wote, kwa nini tawini kwao wanavua viatu.

"Saruji ilikuwa mbichi," akasema babu.

"Lini?"

"Tulipojenga. Tulivua ili tusiache nyayo. Ikakauka, sisi tukawa tumekwisha zoea."

Wengine wakacheka. Fundi hakucheka.

"Unyayo mmoja upo," akasema fundi. "Kona ya kushoto, chini ya dirisha."

Babu akageuza kichwa, akamtazama yeye mwenyewe, siyo barabara. "Naujua."

"Ni wangu."

"Najua ni wako, kwani wengine walikuwa na miguu mikubwa hivyo? Nimeuwekea kiti changu juu."

"Umeuficha."

"Wafagiaji wa siku hizi wanasugua sana," akasema babu. "Ungekuwa umeshafutika."

Hata muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe. Nadhani mtu mwenye akili timamu angekaa chini hapo na kumshukuru Mungu. Lakini mimi kimya hunitia hofu, hunifanya nione nimesahau kitu, kwa hiyo nikakijaza. Nikasema, "Kwa hiyo, kwa ufupi, wazee wangu, tusikuze mambo. Chama ni kama timu ya mpira tu. Kila mtu na jezi yake."

Sijawahi kuona watu wawili wakigeuka kwa pamoja vile.

"Timu?" akasema babu.

"Timu?" akasema fundi, na akasimama kabisa. "Kijana, unajua Kinjumbi ni mbali kiasi gani?"

"Najua kwa gari..."

"Kwa gari!" Fundi akamwambia babu, "Anajua kwa gari."

"Mimi nilitembea kwenda Kinjumbi kwa miguu," babu akaniambia, na kidole kikatokeza kwa shida ndani ya ule mkono mrefu wa kanzu, "kuwaambia watu kwamba shule ni haki yao. Mvua inanyesha. Kwa ajili ya timu?"

"Tulitembea," akasema fundi.

"Ndiyo. Tulitembea."

"Na kipaza sauti kilikuwa kichwani kwangu."

"Kilikuwa kichwani kwake," babu akawaambia watu, kama shahidi mahakamani. "Betri zake zikalowa. Tukafika, ikabidi tuseme kwa midomo. Huyu ana mdomo. Watu wa nyumba ya mwisho walisikia."

"Na tulilala njaa."

"Hatukulala njaa, tulipewa muhogo."

"Ulipewa wewe, mzee. Ulikuwa mkubwa wa msafara."

"Nilikukatia nusu!"

"Ulinikatia upande wa mzizi."

Wakaendelea hivyo, na mimi nimesimama katikati kama nguzo ya umeme. Hoja yangu hakuna aliyekuwa nayo tena. Shehe alinivuta kanzu kwa chini, nikakaa. Akaninong'oneza, "Hapo hapo. Usirekebishe chochote."

Habari ya muhogo ilipokwisha, nikaogopa kwamba kila mmoja atarudi upande wake. Fundi alikuwa amesimama karibu na babu sasa. Jicho lake likashuka lilikozoea kushuka. Nikaona uso ukianza kukunjamana.

"Mzee," akasema, "huo mkono wa kanzu umenitesa sana."

"Umekutesa wewe? Anayeuchovya kwenye mchuzi ni mimi."

"Kila Ijumaa. Naleta tahiyatu, nauona. Swala zangu ngapi zimeharibika kwa ajili ya fundi wako wa Masoko, Mungu ndiye ajuaye." Akaushika ule mkono kwa vidole viwili, kama anashika kitu kilichokufa. "Siwezi kuozesha binti yangu huku babu wa bwana arusi amevaa hivi. Picha zitapigwa. Watu watasema imeshonwa kwangu."

Ndivyo nilivyopata habari kwamba posa yangu imekubaliwa.

Babu alikwenda kupimwa Jumatatu. Nilimsindikiza, kwa sababu ya ngazi ya barazani kwa fundi. Alipofika mlangoni akavua kandambili.

"Vaa tu, mzee," akasema fundi. "Hapa si tawini."

"Nimezoea," akasema babu, akaingia peku.

Binti alikuwa kwenye cherehani ya pili. Alinitazama mara moja kisha akarudi kwenye rinda lake, na nikaona mabega yakimtikisika kwa kicheko. Fundi akavuta futi kamba shingoni. Akapima mkono wa kushoto, akapima wa kulia. Akarudia wa kulia. Akasimama nyuma ya babu, akaweka viganja vyake juu ya mabega yote mawili, kimoja kikawa chini ya kingine.

"Mzee, simama wima."

"Nimesimama wima."

Fundi akabaki ameweka mikono pale. Nami nikaona, kutoka pale nilipokuwa, jambo ambalo nilikuwa nimeishi nalo nyumba moja bila kuliona. Bega la kulia la babu limeshuka. Mikono ya kanzu yote miwili ilikuwa sawa. Yule fundi wa Masoko, tuliyemlaani miaka yote, alikuwa akikata kanzu zake barabara kabisa.

"Imeanza lini hii?" fundi akauliza, kwa sauti ya chini.

"Uzee hauna tarehe. Umeanza na wewe ukiwa hupo."

Fundi akachukua chaki, akaandika vipimo, upande huu namba hii na upande ule namba nyingine. Kisha akasema atalishusha bega la kanzu lenyewe, ili mkono ukae mahali pake na mtu asijue. Babu akauliza uzi atautoa wapi, maana amesikia uzi huwa unakwisha dukani humo. Fundi akasema kanzu ni nyeupe na uzi mweupe hauna chama.

Nikah ilifungwa msikitini. Kuhusu lile suala la kusilimu, fundi hakulitaja tena, na mimi sikuthubutu kumkumbusha. Shehe akanikalisha mbele ya fundi, magoti kwa magoti, akatuambia tushikane mikono ya kulia. Akaanza, kama anavyomfanyia kila bwana arusi hapa kwetu, kwa kunitaka nilete istighfari na shahada. Nikaleta. Kwa sababu ya tabia yangu nikaona sikuitamka vizuri herufi moja, nikaleta mara ya pili. Nikavuta pumzi ya tatu.

Fundi akaubana mkono wangu.

"Inatosha," akasema.

Nyuma yake babu alikuwa amekaa na kanzu mpya, na mikono yote miwili ilikuwa inaonekana hadi kwenye viganja.

Tangu hapo, yaliyobadilika ni haya. Babu na baba mkwe wanasemezana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi kwa kugombana, na uchaguzi ukifika kila mmoja anakwenda tawini kwake. Mimi bado sina kadi. Kama chama ni dini au si dini sijui, na nimeacha kulisema barazani. Kibao cha dukani kwa baba mkwe kipo vile vile, R imelala kidogo, na siku hizi napita chini yake bila brashi.